Kichwa Huru: Jinsi Panya Walivyotumika Kuuchunguza Mtikisiko wa Ubongo

Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, madaktari wawili waliofanya kazi Oxford, Derek Denny-Brown na William Ritchie Russell, walichapisha katika jarida la Brain majaribio ambayo ni rahisi kuyaeleza na vigumu kuyasahau. Waliwatia paka na kima nusukaputi nyepesi, kisha wakawagonga kichwani kwa nyundo iliyobembea. Kichwa kilipoachwa huru, kikarushwa na pigo, mnyama alizimia: pumzi ilisita, jicho halikupepesa lilipoguswa, na baada ya muda mfupi yote hayo yalirejea bila fuvu kupasuka. Kichwa kilipokazwa kisisogee hata kidogo, pigo la nguvu ileile halikumzimisha mnyama. Kwa paka walikadiria kwamba mwendo wa karibu futi 28 kwa sekunde ulihitajika ili azimie. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mtu hazimii kwa sababu amegongwa tu. Huzimia kwa sababu kichwa chake kimebadilishiwa mwendo kwa ghafla, na ubongo ulio ndani yake haukupata nafasi ya kufuata.

Nashikilia kwamba historia ya kuwatumia panya katika uchunguzi wa jeraha dogo la ubongo, lile ambalo madaktari huliita mtikisiko, ni historia ya somo hilo kuwekwa kando kwa miaka mingi na kisha kurejewa kwa gharama kubwa. Halikuwekwa kando kwa ujinga. Wanasayansi walioliacha walilijua vizuri, na kila mmoja wao alikuwa na sababu iliyoingia akilini. Sababu hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa, maana bado zinafanya kazi katika maabara za leo, na matokeo yake huwafikia watu ambao hawajawahi kumwona panya mweupe wa maabara: mchezaji aliyegongana kichwa na mwenzake na dereva wa pikipiki aliyeanguka.

Oxford ya miaka hiyo ilikuwa na haraka ya kujua. Daktari wa upasuaji Hugh Cairns alikuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, aliyeanguka na pikipiki Mei 1935 na kufariki siku 6 baadaye, na baada ya hapo alianza kuhesabu vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi. Makala yake ya mwaka 1941 kuhusu kofia ngumu ilichangia jeshi la Uingereza kuwalazimisha waendeshaji wake wazivae kuanzia Novemba mwaka huohuo. Mwanafizikia A. H. S. Holbourn naye aliunda mfano wa ubongo kwa jelatini, akauweka ndani ya mfano wa fuvu na kuuzungusha. Ukizungusha bakuli la uji kwa ghafla, bakuli huenda na uji hubaki nyuma. Holbourn aliona jambo hilohilo, akaeleza mwaka 1943 kwamba ubongo, kama maji, haubonyei kirahisi kwa shinikizo la pande zote, lakini tabaka zake huteleza na kuvutana upesi sana unapozungushwa. Kwa hiyo hatari kubwa ilikuwa mzunguko. Mwaka 1956, tena Oxford, Sabina Strich alifungua bongo za watu waliobaki bila akili timamu baada ya ajali na kukuta nyuzi za neva zimeharibika katika sehemu nyeupe ya ndani, mbali na ngozi ya ubongo ambako mtu angetarajia kuona jeraha.

Waliothibitisha kwamba nyuzi hizo huharibiwa na mzunguko peke yake walikuwa Thomas Gennarelli na wenzake wa Pennsylvania, kwa kutumia wanyama walio karibu na binadamu. Mwaka 1982 walieleza jinsi walivyozungusha vichwa vya nyani na kima kwa digrii 60 katika sehemu ndogo mno ya sekunde, bila kichwa kugonga kitu chochote, na wakapata wanyama waliopoteza fahamu kwa muda mrefu wakiwa na uharibifu ulio mfano wa ule wa Strich. Kisayansi ilikuwa hatua kubwa. Lakini Mei 1984 wanaharakati wa haki za wanyama walivunja maabara hiyo wakachukua kanda za video, na filamu fupi iliyotengenezwa kutokana nazo ikaonyesha wanyama wakitendewa kwa dhihaka na utunzaji duni. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ilisimamisha fedha na kazi hiyo ikafungwa. Hasira ya umma ilikuwa ya haki. Ukatili ulioonekana kwenye kanda hizo hauna utetezi.

Sayansi haikuacha kuuliza; ilibadilisha mnyama. Panya ni wa bei nafuu, huzaana haraka, na wanaweza kulingana kwa damu kiasi kwamba tofauti kati ya mmoja na mwingine inakuwa ndogo. Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi mara nyingi: sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama, iliyoanza mwaka 1966, haiwahesabu panya wa aina zinazofugwa kwa ajili ya utafiti, na mwaka 2002 Bunge la nchi hiyo liliandika uondoaji huo waziwazi ndani ya sheria. Taasisi zinazopokea fedha za serikali zina masharti mengine, lakini panya hakuwa na mtetezi kama wa nyani. Kimyakimya akawa ndiye kiumbe wa kupigwa kichwani.

Hapa ndipo kichwa kilipofungwa. Mwaka 1981 Dennis Feeney na wenzake wa New Mexico walieleza njia iliyokuja kuigwa sana: panya ametiwa nusukaputi, kichwa kimebanwa kwenye fremu ya chuma, tundu limetobolewa kwenye fuvu, na uzito unaachiwa ndani ya mrija utue juu ya utando wa ubongo uliofunuliwa. Mwaka 1987 C. Edward Dixon na wenzake wa Virginia walileta kwa panya njia ya pigo la majimaji, ambayo kabla yake ilikuwa ikitumika kwa sungura na paka: silinda iliyojaa maji ya chumvi inagongwa na nyundo inayobembea, na wimbi la shinikizo linapita kwenye mrija hadi ndani ya tundu la fuvu kwa muda wa karibu milisekunde 20. Mwaka 1988 James Lighthall, katika maabara za utafiti za kampuni ya magari ya General Motors, alieleza pistoni inayosukumwa na hewa ili kubonyeza ubongo wa mnyama wa jamii ya kicheche kwa kina na kasi iliyopangwa. Kufikia 1991 Dixon alikuwa ameihamishia kwa panya. Njia zote tatu zinatofautiana kwa mitambo, lakini zinakubaliana katika jambo moja: fuvu limefunguliwa, na kuzungushwa kwa kichwa hakuna nafasi katika kuzalisha jeraha.

Kwa nini watu waliokuwa wamemsoma Denny-Brown walifanya hivyo? Kwa sababu kichwa huru ni msumbufu. Kikiachwa kiruke, kila panya huruka kwa namna yake. Mmoja hupasuka fuvu, mwingine huacha kupumua, wa tatu huamka kama hakuna lililotokea. Mtafiti anayetaka kujua kama dawa fulani inasaidia anahitaji wanyama 20 wenye jeraha moja, si majeraha 20. Kufunga kichwa kulileta usawa, na usawa ulileta takwimu. Utetezi huo ni mzito, nami naukubali kwa sehemu kubwa, maana matunda ya miaka hiyo ni ya kweli.

Tazama kazi iliyofanyika Los Angeles, katika chuo kikuu cha UCLA. Mwaka 1990 Yoichi Katayama na wenzake walionyesha kwamba mara tu baada ya pigo la majimaji, seli za neva za panya humwaga potasiamu nje kwa wingi na kutoa glutameti bila mpangilio. Seli hulazimika kuirudisha potasiamu hiyo ndani kwa pampu zinazotumia nishati, na nishati hutoka kwenye sukari. Mwaka 1991 kundi hilohilo, akiwamo David Hovda, liliona ulaji wa glukosi ukipanda juu ghafla na baadaye kushuka chini ya kiwango cha kawaida kwa siku kadhaa. Ubongo ule haukuwa umekufa. Ulikuwa umeishiwa nguvu. Mwaka 1997 picha za wagonjwa wa UCLA wenye majeraha makubwa ya kichwa zilionyesha kupanda huko kwa glukosi kwa binadamu pia, na mwaka 2001 Christopher Giza na Hovda waliandika maelezo ya mfuatano huo wote, ambayo yamekuwa msingi wa namna madaktari wanavyouelewa mtikisiko. Kabla yao, mgonjwa ambaye picha za kichwa hazikuonyesha kitu aliweza kuambiwa kwamba hana tatizo. Baada yao, daktari angeweza kumwambia kwamba anayo shida ya nishati isiyoonekana kwenye picha, na kwamba ina siku zake.

Vivyo hivyo John Povlishock wa Virginia alikuwa ameonyesha kwa paka, mwaka 1983, kwamba baada ya jeraha dogo nyuzi za neva hazikatiki papo hapo kama kamba. Usafirishaji ndani ya uzi hukwama mahali fulani, uzi huvimba pale, na kutengana huja saa kadhaa baadaye. Na katika vipimo vya damu vya protini za GFAP na UCH-L1, vilivyoruhusiwa Marekani Februari 2018 kuwasaidia madaktari kuamua nani apigwe picha ya kichwa, kuna mchango wa panya moja kwa moja: Ronald Hayes, mmoja wa waliosaini makala ya Dixon ya 1987, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni iliyovileta, na UCH-L1 ilikuwa imepimwa kwa panya waliojeruhiwa kabla ya kupelekwa hospitalini.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye aina ya swali. Utando wa seli ukinyooshwa kupita kiasi huvuja potasiamu, iwe umenyooshwa na wimbi la maji au na kichwa kilichozungushwa. Kwa maswali ya kemia ya seli, kichwa kilichofungwa kinajibu. Lakini ni sehemu gani za ubongo zilizonyooshwa, ni nyuzi zipi zilizovimba, ni kwa nini mtu anaendelea kuumwa kichwa na kusahau majina wiki sita baada ya kuanguka, hayo yanategemea jinsi nguvu ilivyosambaa, na msambao huo unatawaliwa na mwendo wa kichwa. Kwa maswali hayo, panya mwenye tundu la fuvu na kichwa kilichobanwa anamjibu mtafiti kuhusu jeraha jingine kabisa, yaani ubongo uliopondeka mahali pamoja. Neno “dogo” likabandikwa juu yake kwa sababu mtambo ulipunguzwa nguvu.

Neno hilo “dogo” lenyewe lina utata usiokwisha. Kwa binadamu, jeraha dogo ni lile linalompa mgonjwa alama 13 hadi 15 kwenye kipimo cha fahamu kilichoundwa Glasgow mwaka 1974, asiwe amezimia zaidi ya dakika 30. Alama hizo hutolewa kwa mtu kufungua macho, kujibu maswali na kufuata amri. Panya hajibu maswali. Badala yake hulazwa chali baada ya pigo na mtafiti hushika saa, akisubiri ajigeuze na kusimama kwa miguu yake. Muda huo ndio unaosimama mahali pa kuzimia. Baada ya siku kadhaa hutumbukizwa kwenye bwawa la mviringo, ambalo maji yake yametiwa rangi kama maziwa, atafute kijukwaa kilichozama chini kidogo ya maji, kipimo alichokibuni Richard Morris mwanzoni mwa miaka ya 1980. Panya mzima hukumbuka mahali pa kijukwaa na kuogelea kwa mstari ulionyooka. Aliyejeruhiwa huzungukazunguka ukingoni. Ni vipimo vizuri vya kumbukumbu. Kuhusu kichwa kuuma, mwanga kuchoma macho na hasira zisizo na sababu, ambayo ndiyo malalamiko ya wagonjwa wengi, vinasema machache. Na nusukaputi yenyewe inaingilia: isoflureni imeonekana kuukinga ubongo wa panya kwa kiasi, ilhali mtu barabarani hupigwa akiwa macho.

Kurudi kwenye kichwa huru kulianza kwa hatua moja ya Anthony Marmarou, pia wa Virginia, mwaka 1994. Aliliacha fuvu zima bila kulitoboa. Alibandika kidude cha chuma cha duara, kipenyo cha milimita 10, juu ya fuvu ili lisipasuke, akamlaza panya kifudifudi juu ya sponji, akaachia uzito wa gramu 450 kutoka urefu wa mita 2. Sponji ilibonyea, kichwa kikaenda chini, na nyuzi za neva zikaharibika kwa kusambaa, mfano wa zile za Strich. Lilikuwa jeraha kubwa, si dogo, lakini milango ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 2005 Luca Longhi na wenzake walitumia panya wadogo wa aina nyingine (mice) wenye mafuvu mazima kuuliza swali la uwanjani: mchezaji aliyepata mtikisiko akipata mwingine, muda wa katikati una uzito gani? Pigo la pili likija baada ya siku 3 au 5, panya walishindwa vipimo vya akili kuliko waliopigwa mara moja. Likija baada ya siku 7, tofauti ilitoweka. Dirisha la hatari lilikuwa limepimwa.

Hatua ninayoiheshimu zaidi ilitoka Detroit mwaka 2012, kwa Michael Kane na wenzake wa chuo kikuu cha Wayne State, na kinachovutia ni urahisi wake. Panya mdogo hupewa nusukaputi kwa muda mfupi tu, hulazwa kifudifudi juu ya karatasi ya foili iliyochanwa kidogo, nayo imetandazwa juu ya sanduku la plastiki angavu lenye sponji chini. Uzito unaposhuka kupitia mrija na kumgonga kichwani, foili hupasuka na panya huanguka chini huku akigeuka, mgongo ukitangulia sponjini. Hakuna tundu, hakuna fremu ya chuma, na baada ya muda mfupi mnyama husimama. Anaweza kugongwa tena siku nyingine, kama wanavyogongwa mabondia. Mwaka huohuo Lee Goldstein wa Boston na wenzake waliwaweka panya wadogo mbele ya wimbi la mlipuko, kwa ajili ya kuelewa maradhi ya wanajeshi waliorudi vitani. Kichwa kilipoachwa kiyumbe, panya walipata upungufu wa kujifunza na kukumbuka. Kichwa kilipokazwa, upungufu huo haukutokea. Miaka 71 ilikuwa imepita tangu Denny-Brown na Russell waseme jambo hilo. Mwaka 2014 timu ya chuo kikuu cha British Columbia, Kanada, ilileta mtambo uitwao CHIMERA, wenye pistoni inayogonga kichwa kizima huku kikiwa huru kuzunguka, na hivyo mzunguko ukaanza kupimwa kwa nambari. Lile dai kwamba kichwa huru hakiwezi kutoa matokeo yanayorudiwa halikuwa kweli; kilichohitajika ni mafundi.

Atakayepinga atasema kwamba hata kichwa kikiachwa huru, bado ni kichwa cha panya. Pingamizi hili lina nguvu kuliko yote. Ubongo wa panya wa kawaida wa maabara una uzito wa gramu 2 hivi, wa mtu karibu gramu 1,400. Wa panya ni laini usio na mikunjo, na sehemu yake nyeupe ni ndogo mno. Kwa kanuni aliyoitumia Ayub Ommaya mwaka 1967, ubongo ukiwa mdogo mara 700, mchapuko wa mzunguko (yaani uharaka wa kuongezeka kwa kasi yake) ulio mkubwa zaidi kwa karibu mara 80 unahitajika ili kuuvuta kwa kiasi kilekile, na vifaa vichache hufika huko. Nguruwe, wanaotumiwa Pennsylvania tangu miaka ya 1990, wana mikunjo na uzito unaokaribia zaidi. Jibu langu ni kwamba nguruwe ni wachache, ni ghali, na hawana zana za kijeni ambazo panya wadogo wanazo. Panya anafaa kueleza mwenendo wa jeraha. Hafai kutoa kipimo cha mtu. Hata siku zake si siku zetu: Roberto Vagnozzi na wenzake waliona kwa panya kwamba nishati ya ubongo ilikuwa imerejea wakati siku 5 zimepita kati ya mapigo, lakini kwa wanamichezo ilichukua karibu siku 30.

Ushahidi wa hatari ya kuvuka mpaka huo upo. Projesteroni iliwasaidia panya katika majaribio mengi, ikapelekwa kwa wagonjwa wenye majeraha ya kati hadi makubwa katika majaribio mawili, moja lenye watu 882 na jingine 1,195. Mwishoni mwa 2014 yote mawili yalitangaza kwamba haikusaidia. Katika mtikisiko, Grace Griesbach wa UCLA alionyesha mwaka 2004 kwamba panya waliopewa gurudumu la kukimbilia mara tu baada ya pigo hawakufaidika, ila waliosubiri wiki mbili walifaidika. Mwaka 2019 John Leddy na wenzake walijaribu kwa vijana: waliofanya mazoezi mepesi mapema walipona kwa siku 13, wenzao kwa 17. Panya alikuwa sahihi kwamba mazoezi ni dawa na kwamba muda una maana. Siku zenyewe alizikosea.

Kuna wanaosema kwamba hakuna lolote katika haya linalohalalisha kumpiga kiumbe kichwani. Siwezi kuwajibu kwa faida ya vipimo vya damu peke yake, maana uchungu wa panya haufutwi na faida ya mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba jaribio lisiloweza kujibu swali lililoulizwa limemtesa mnyama bure, na mengi ya majaribio ya kichwa kilichofungwa yaliyopewa jina la jeraha dogo yako katika kundi hilo. Anayewahurumia panya na anayewahurumia wagonjwa wanadai kitu kimoja hapa.

Mwaka 2015 wataalamu waliokusanywa na taasisi za afya za Marekani walichapisha orodha ya mambo ambayo kila maabara ya jeraha la ubongo inashauriwa kuyaandika: mnyama gani, nusukaputi gani, pigo la nguvu gani. Msomaji naye, iwe ni daktari wa wilaya, kocha au mhariri wa habari za afya, ana haki ya kudai vivyo hivyo kabla ya kuamini kwamba tiba ya mtikisiko imepatikana kwa panya. Aulize kwanza kama kichwa kilikuwa huru, kisha kama matokeo yamejaribiwa kwa watu. Ripoti isiyoyajibu hayo isitumike kumrudisha mchezaji uwanjani wala dereva wa bodaboda barabarani.